Harufu ya undugu: namna vifaranga wa samaki wanavyowatambua jamaa zao

Kifaranga wa samaki pundamilia, ambaye jina lake la kisayansi ni Danio rerio, anapotimiza siku 6 tangu yai lake lirutubishwe huwa hajafikia urefu wa nusu sentimita, na akiba ya kiini cha yai aliyozaliwa nayo inakaribia kumwishia. Hana mama wa kumfuata wala baba wa kumlinda, kwa kuwa wazazi wa spishi hii hutaga na kurutubisha mayai majini kisha wakaenda zao, na pengine wakayala mayai yale yale waliyoyataga. Hata hivyo, ukimpa baadaye nafasi ya kuchagua kati ya maji waliyokaa ndugu zake na maji waliyokaa vifaranga wa wazazi wengine, ataelekea kwenye maji ya ndugu zake, hata kama ndugu hao wenyewe hajapata kukutana nao.

Jambo hili limepimwa kwa samaki wa aina nyingi na kwa miaka mingi, kwa hiyo sina haja ya kulitetea hapa. Ninachotaka kukifuatilia ni kile ambacho kifaranga hukitumia kama kipimo. Kutambua ni kulinganisha, na anayelinganisha lazima awe na kitu cha kulinganishia. Mtu akisema kwamba samaki "anamjua ndugu yake kwa harufu", bado hajaeleza chochote mpaka aseme harufu hiyo inapimwa dhidi ya kumbukumbu gani, kumbukumbu hiyo iliingia lini, na nini kiliizuia isiwe kumbukumbu ya mgeni aliyepita tu karibu na kiota. Nitakiita kitu hicho kiolezo, na makala haya yote yanakihusu.

Nianze na namna ya kupima, kwa sababu majibu yote yanayofuata yanasimama juu yake. Watafiti hutumia mfereji mfupi wa kioo au plastiki unaopokea mikondo miwili ya maji kutoka matangi mawili. Mikondo hiyo hutiririka sambamba, taratibu sana, bila kuchanganyika, na kabla ya kuanza hutiwa rangi ili mpaka kati yao uonekane kwa macho. Samaki huwekwa kwenye eneo ambalo anaweza kuvuka mpaka huo apendavyo, kisha huhesabiwa muda anaokaa kila upande. Katikati ya jaribio mikondo hubadilishwa pande, ili samaki mwenye mazoea ya kukaa kushoto asije akahesabiwa kuwa mjuzi wa ukoo. Ni chombo cha kawaida kabisa, na ninakipenda kwa sababu hakimlazimishi mnyama kufanya lolote ambalo hangelifanya mtoni.

Ugumu haumo kwenye chombo, umo katika kuamua maji yatoke kwa nani. Samaki wengi huwapendelea wale waliozoeana nao, na chakula nacho hubadilisha harufu ya mwili, kiasi kwamba samaki waliolishwa chakula kimoja wanaweza kuvutana bila kuwa na undugu wowote. Kwa hiyo jaribio la kuaminika hutumia vifaranga waliolishwa sawasawa, na humwekea samaki chaguo kati ya ndugu asiyemjua na mgeni asiyemjua. Mwaka 1985 Thomas Quinn na Craig Busack walionesha kwamba samoni wachanga wa aina ya coho huchagua maji yenye harufu ya ndugu zao kuliko maji ya wasio ndugu. Katika miaka iliyofuata, matokeo ya namna hiyo yalipatikana kwa samoni wa Atlantiki, kwa trauti, kwa samaki wa Aktiki aitwaye Salvelinus alpinus, na kwa samaki mdogo mwenye miiba mitatu mgongoni aitwaye Gasterosteus aculeatus. Kwa samaki pundamilia, Gabriele Gerlach na mwenzake walionesha mwaka 2006 kwamba wachanga huwachagua ndugu hata wale waliolelewa mbali nao. Hapo mazoea hayawezi kuwa maelezo, na swali la kiolezo linakuwa la lazima.

Kabla ya kuendelea, inafaa kuitazama pua yenyewe, kwani ya samaki si kama yetu. Kwa samaki wengi pua haina njia ya kwenda kooni na haihusiki na kupumua. Samaki mzima mara nyingi huwa na matundu mawili kila upande wa pua: maji huingia kwa tundu la mbele, hupita juu ya utando uliokunjwakunjwa ambamo seli za neva za kunusa zimejipanga, kisha hutoka kwa tundu la nyuma. Kifaranga huanza na kishimo kilicho wazi, na vinyweleo vidogo sana vilivyo kandoni mwake hupiga maji ili yaingie na kutoka. Kila kilichoyeyuka majini, iwe mkojo, kamasi ya ngozi, nyongo au asidi amino, huifikia neva moja kwa moja, tena kwa viwango vidogo mno. Kwa kiumbe anayeishi katika maji yenye tope au katika giza la chini ya majani, pua humwambia mambo ambayo jicho haliwezi.

Sasa, harufu inayobeba undugu ni ya nini? Sehemu kubwa ya jibu imo katika mfumo wa kinga. Wanyama wenye uti wa mgongo wana kundi la jeni linalojulikana kwa kifupi kama MHC. Protini zinazotengenezwa na jeni hizo hushika vipande vifupi vya protini nyingine, yaani peptidi, na kuvionesha juu ya uso wa seli ili seli za kinga zikague kama kuna kitu kigeni ndani. Jeni hizi zina sura nyingi mno katika jamii moja ya samaki, kiasi kwamba ni nadra watu baki wawili, kama naweza kuwaita watu, kuwa na mchanganyiko ule ule. Kila sura ya protini hushika peptidi za umbo fulani, na peptidi hizo zinapotoka mwilini hubeba habari za jeni za mwenye nazo. Kwa namna hiyo, mfumo ulioundwa kupambana na magonjwa unatoa, bila kukusudia, kitambulisho cha ukoo kilichoyeyuka majini.

Ushahidi wa jambo hili ulikuja kwa hatua. Mwaka 1998 Håkan Olsén na wenzake nchini Sweden waliwapa vifaranga wa Salvelinus alpinus chaguo ambalo naliona kuwa la werevu sana: pande zote mbili zilikuwa na maji ya ndugu, lakini upande mmoja ulitoka kwa ndugu mwenye jeni za MHC sawa na za anayechagua, na mwingine kwa ndugu mwenye jeni hizo tofauti. Vifaranga waliwapendelea wale wanaofanana nao. Undugu wa wazazi ulikuwa uleule pande zote, kwa hiyo kilichowavuta kilikuwa ni ufanano wa jeni zenyewe. Mwaka 2005 Manfred Milinski na wenzake walikwenda hatua nyingine kwa samaki wa miiba mitatu: walitia majini peptidi zilizotengenezwa maabara, na uchaguzi wa majike ukabadilika kulingana na peptidi hizo. Jaribio hilo lilihusu kuchagua mume na halikuhusu vifaranga, ila lilithibitisha kwamba pua ya samaki inazisoma peptidi hizo moja kwa moja.

Kuna hesabu ndogo hapa ambayo wengi huiruka. Katika eneo moja la jeni, mtoto hupokea nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Ukiwachukua ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, uwezekano kwamba wamepokea nakala zote mbili zilezile ni robo, uwezekano kwamba wanashiriki nakala moja ni nusu, na uwezekano kwamba hawashiriki hata moja ni robo. Kwa hiyo, samaki anayetegemea eneo moja la jeni kupima undugu atakutana na ndugu wa damu ambao kwa kipimo hicho ni wageni kabisa. Hili litatuhusu muda si mrefu.

Turudi kwa kifaranga wa siku 6, kwa sababu hapa ndipo utafiti unaponishangaza zaidi. Mwaka 2008 Gerlach na wenzake walichapisha matokeo yanayoonesha kwamba samaki pundamilia hujifunza harufu ya ndugu zake katika kipindi cha saa 24 tu, siku ya 6 baada ya kurutubishwa. Kifaranga aliyekaa na ndugu siku hiyo atawatambua ndugu baadaye. Aliyewekwa peke yake siku hiyo, kisha akaunganishwa nao kesho yake, hatawatambua, na kuishi nao siku nyingi baadaye hakuzibi pengo hilo. Kujifunza kwa namna hii, kwa muda mfupi na bila kufutika, tunakufahamu kupitia Konrad Lorenz, ambaye mwaka 1935 alieleza jinsi vifaranga wa bata bukini wanavyomshika kama mzazi yule wa kwanza wanayemwona akitembea mbele yao, awe bata au awe Lorenz mwenyewe.

Hata hivyo, samaki huyu ana jambo moja ambalo bata bukini hana. Vifaranga wa samaki pundamilia waliowekwa siku ya 6 pamoja na wageni wasio ndugu hawakujifunza harufu ya wageni hao. Hawakuwakosea kuwa ndugu, na baadaye hawakuwapendelea. Maana yake ni kwamba mlango wa kujifunza hufunguliwa na harufu inayofanana kwa kiasi fulani na jeni za anayejifunza. Mwaka 2013 kundi hilohilo la watafiti lilionesha ni jeni zipi: kifaranga hujifunza pale tu anaposhiriki nakala za MHC za daraja la pili na wale aliokaa nao. Ndugu wasioshiriki naye nakala hizo, wale wa robo niliyoitaja hapo juu, hawakuweza kuufungua mlango huo japokuwa ni ndugu zake halisi. Tena, peptidi za maabara zinazolingana na jeni hizo zilitosha kuchukua nafasi ya harufu.

Mtu anaweza kuuliza mara moja: ikiwa harufu inalinganishwa na jeni zake mwenyewe, kwa nini asijifunze tu kutokana na harufu yake mwenyewe, ambayo iko majini saa zote? Ni swali zuri, na jibu lake limo katika majaribio ya upweke. Kifaranga aliyelelewa peke yake huogelea katika harufu yake mchana na usiku, lakini hana kiolezo. Watafiti waligundua kwamba harufu haitoshi peke yake: ni lazima kifaranga awaone ndugu zake siku ya 5, kabla ya kunusa harufu yao siku ya 6. Jicho hutangulia na pua hufuata. Kumwona mwenzake mwenye madoa na umbo la ndugu zake kunamtayarisha ajifunze harufu inayokuja. Mimi nauona mpango huu kuwa wa tahadhari kubwa, kwa kuwa unahitaji ishara mbili zikubaliane, na ya pili bado inahakikiwa na jeni kabla ya kukubaliwa.

Ndani ya pua, kazi hii inaonekana kuhusisha seli za neva ambazo mtu asiyezitafuta angeweza kuzipuuza kwa uchache wake. Miongoni mwa aina za seli za kunusa za samaki imo moja yenye umbo la yai, iliyo karibu na uso wa utando wa pua na yenye kishimo juu yake. Watafiti wa Cologne, Ujerumani, waliokuwa na Sigrun Korsching walionesha mwaka 2012 kwamba kwa samaki pundamilia seli zote za aina hii hutumia kipokezi cha aina moja tu, jambo lisilo la kawaida katika pua yenye mamia ya vipokezi. Mwaka 2016 ikaonekana kwamba harufu ya ndugu huziamsha seli hizo kwa vifaranga waliojifunza siku ya 6, ilhali kwa wale ambao hawakujifunza haziamki namna hiyo. Kwa hiyo kujifunza huko hakuachi alama ubongoni pekee, bali pia hubadilisha namna pua yenyewe inavyoitikia.

Nimekaa sana kwa samaki pundamilia, na sababu ni kwamba hakuna samaki mwingine ambaye kiolezo chake kimefuatiliwa kwa undani huo. Lakini ingekuwa kosa kudhani kwamba samaki wote wana kiolezo cha namna hiyo. Kinachoamua, kwa maoni yangu, ni uhakika alio nao kifaranga kuhusu wale anaozaliwa kati yao.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka katika ziwa Opinicon nchini Kanada, kwa samaki wa maji yasiyo na chumvi aitwaye Lepomis macrochirus. Madume ya spishi hii yana njia mbili za maisha. Baadhi hungoja mpaka wafikie umri wa miaka 7 hivi, hujenga viota, huwaita majike na kuyalinda mayai na vifaranga. Wengine hukomaa mapema, wakiwa na miaka 2 hivi, na hawajengi kitu: hujificha karibu na kiota cha dume mkubwa, huchomoka wakati jike anapotaga, humwaga mbegu zao na kukimbia. Wakikua kidogo hujigeuza sura na mwendo kama majike na kujipenyeza kati ya dume na jike halisi. Matokeo yake ni kwamba kiota kimoja huwa na watoto wa mwenye nyumba na watoto wa wezi, waliochanganyika.

Sasa fikiria hali ya kifaranga. Mtoto wa mwenye kiota akizungukwa na wenzake, wengi wao ni ndugu zake, na anaweza kuishi vizuri kwa kanuni rahisi kwamba aliye karibu nami ni ndugu yangu. Mtoto wa mwizi hana anasa hiyo, kwa kuwa wengi wanaomzunguka si wa baba yake. Timothy Hain na Bryan Neff walipowapima vifaranga hao mwaka 2006, waligundua kwamba watoto wa madume wezi huwatambua ndugu wasiowajua kwa kulinganisha harufu na ya kwao wenyewe, na kwamba watoto wa madume wenye viota hawaoneshi uwezo huo. Ni spishi moja na ziwa moja, ila violezo viwili, kila kimoja kikifuata njia aliyotumia baba kumzaa mtoto. Sijui matokeo mengine katika uwanja huu yanayonionesha vizuri namna hii kwamba uwezo wa kutambua jamaa hujengwa pale tu unapohitajika.

Baba naye hunusa. Neff alionesha mwaka 2003 kwamba dume mwenye kiota hupima uzazi wake kwa ishara tofauti katika hatua tofauti. Alipowekewa wezi karibu na kiota wakati wa kutaga, wakiwa ndani ya vyombo vya kupitisha mwanga ambavyo hawangeweza kutoka, dume huyo alipunguza ulinzi wa mayai, kwa kuwa aliona dalili za kuibiwa. Mayai yalipoanguliwa, alirudisha juhudi zake, kwa kuwa harufu ya vifaranga ilimwambia kwamba ni wake. Na mayai yake yalipobadilishwa kwa siri na ya dume mwingine, aliendelea kuyalinda kama kawaida mpaka yalipoanguliwa, ndipo akalegea. Yai halikumpa habari, bali kifaranga ndiye aliyempa.

Katika Afrika Magharibi kuna samaki mdogo wa familia moja na sato, Pelvicachromis taeniatus, ambaye huleta picha ya tatu. Hutaga kwenye mapango madogo chini ya maji, na baba na mama hulea pamoja. Kifaranga wake hukulia katika kundi la ndugu wa hakika, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionesha kwamba kiolezo chake ni harufu ya familia aliyokulia, si harufu yake mwenyewe. Lakini dume akishakomaa na kuanza kutafuta mke, hujipima kwa harufu yake mwenyewe. Hapa kiolezo hubadilika ndani ya maisha ya mnyama mmoja.

Baada ya kuuliza namna, hatuna budi kugusa sababu, ingawa kwa ufupi kidogo. William Hamilton alieleza mwaka 1964 kwamba tabia ya kumsaidia jamaa inaweza kuenea iwapo faida anayopata jamaa, ikizidishwa kwa kiwango cha undugu, inazidi gharama ya msaidizi. Kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja kiwango hicho ni nusu, na kwa ndugu wa mzazi mmoja tu ni robo. Kifaranga wa samaki hana chakula cha kumgawia mwenzake, kwa hiyo msaada wake mara nyingi ni kutomdhuru. Grant Brown na Joseph Brown walionesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba samoni na trauti wachanga, ambao hugombea sehemu za mto kwa ukali mkubwa, hupigana kidogo zaidi wanapokuwa na ndugu zao. Nguvu ambayo ingetumika kufukuzana hubaki kwa ajili ya kukua. Kwa samaki pundamilia pia, Gerlach na wenzake waliripoti mwaka 2007 kwamba vifaranga waliokua kati ya ndugu waliozoeana walikua haraka kuliko waliochanganywa na wageni.

Ni vyema nisiifanye hadithi hii kuwa tamu kupita kiasi. Ndugu wanaokaa pamoja hutaka chakula kilekile, mahali palepale na kwa wakati uleule. Siân Griffiths na John Armstrong walipowaweka samoni wachanga wa Atlantiki katika mazingira yanayokaribia mto halisi, waliripoti mwaka 2001 kwamba makundi yenye mchanganyiko wa familia yalifanya vizuri kuliko makundi ya ndugu watupu. Kumtambua ndugu, kwa hiyo, ni habari tu. Namna ya kuitumia habari hiyo inategemea wingi wa chakula, ukubwa wa eneo na umri wa anayeitumia.

Umri hasa. Jike la samaki pundamilia ambaye alipokuwa mchanga alivutwa na harufu ya ndugu, akishakomaa huchagua harufu ya madume wasio ndugu zake kuliko ya kaka zake. Kiolezo ni kilekile alichokishika siku ya 6, kilichogeuka ni matumizi yake: kwanza kilimwambia mahali salama pa kukulia, sasa kinamwambia nani wa kuepuka asije akazaa watoto dhaifu. Madume wa spishi hiyo hawakuonesha upendeleo wowote. Na kama mtu anataka kuigeuza habari hiyo kuwa kanuni ya jumla, yule samaki wa mapangoni wa Afrika Magharibi atamkwamisha, kwani Timo Thünken na wenzake walionesha mwaka 2007 kwamba madume na majike wa Pelvicachromis taeniatus hupendelea kuoana na ndugu, na kwamba wazazi walio ndugu hushirikiana zaidi katika malezi na kugombana kidogo. Pale ambapo malezi ya watoto yanahitaji wazazi wawili wasiochoka, faida hiyo inaweza kuizidi hasara ya kuzaa na jamaa.

Jambo la mwisho linahusu maji yenyewe. Kwa kuwa neva za pua ya samaki hugusana na maji bila kizuizi, kinachoyachafua maji huzifikia kwanza. Shaba iliyoyeyuka, hata kwa viwango visivyoua, hudhoofisha uwezo wa kunusa wa samoni wachanga, na Ashley Ward na wenzake walionesha mwaka 2008 kwamba kemikali ya nonilifenoli, inayotokana na kuvunjika kwa baadhi ya visafishio vya viwandani, huvuruga namna samaki wachanga wanavyotambuana kwa harufu na kujikusanya kundini. Neva za pua huweza kuota upya maji yakisafika. Lakini kwa samaki ambaye siku yake ya kujifunza ni moja tu, pua inayopona siku ya 9 imepona baada ya mlango kufungwa, na samaki huyo ataishi, atakula na ataonekana mzima kwa kila anayemtazama.

Kwa sababu hiyo, kuna jambo moja la kiutaratibu ambalo ningependa lijadiliwe zaidi. Mwaka 2013 OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, lilipitisha mwongozo namba 236 wa kupima sumu ya kemikali kwa viinitete vya samaki pundamilia, na mwongozo huo unatumika sana, kwa sababu nzuri, kwani unapunguza idadi ya samaki wazima wanaouawa katika vipimo. Jaribio hilo huisha saa 96 baada ya yai kurutubishwa. Hiyo ni mwisho wa siku ya 4, kabla jicho la kifaranga halijaanza kumtazama ndugu yake na zaidi ya siku nzima kabla pua haijaanza kujifunza.